Holi la kambini lenye matundu mawili ukutani: nani anakumbuka senema na michezo ya jeshi Uganda?

#1 Mtoto_wa_Kota

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, leo acha nilitoe.

Nilikulia kambini. Baba alikuwa dereva wa jeshi, nasi tulikaa kwenye yale mabanda ya bati ya duara ambayo Uganda nzima inayaita mama ingia pole, maana mlango ni mfupi na ukiingia kwa pupa paji la uso ndilo linalolipa. Kambi yenyewe sitaitaja. Iko upande wa mashariki, bado ina wenyewe, na mambo ya kambi hayazoeleki.

Kati ya kantini na uwanja wa paredi palikuwa na holi. Sisi watoto tuliliita senema, hata wiki ambazo senema haikuwepo. Kuta nene, paa la bati, na mbele jukwaa la saruji lililonifika kifuani. Hakukuwa na kitambaa, ukuta wa jukwaani ulipakwa chokaa nyeupe na picha ikapigwa hapo hapo. Mvua ikinyesha hakuna aliyesikia filimu inasema nini, wala hakuna aliyejali, kwa sababu filimu yenyewe ilikuwa ya Kihindi au Kiingereza na sisi tulimsikiliza koplo.

Jumamosi za senema koplo huyo alisimama pembeni ya ukuta, fimbo mkononi, akitueleza kwa Kiswahili. "Huyu ndiye mwizi. Mtazameni vizuri, atarudi na shati jingine." Mzee tajiri wa filimu ya Kihindi akimkataa mkwe, koplo alimgeuza kuwa kwatamasta anayekataa kutoa blanketi, na holi zima lilikuwa linapasuka. Kabla ya filimu palikuwa na mchezo: kuruta mshamba, sajini mkali, mpishi anayeiba posho, na askari mmoja mrefu mwenye ndevu amevaa gauni la mke wa mtu. Kulikuwa na Waacholi, Walugbara, Wakakwa, Waiteso, Wasoga, na kila mmoja alicheka kwa wakati ule ule, kwa sababu lugha ilikuwa moja.

Nikisoma historia ya maigizo Uganda naletewa National Theatre ya 1959, naletewa kundi la Makerere lililozunguka nchi kuanzia 1965, naletewa Wycliffe Kiyingi na michezo yake ya Kiganda. Sawa, wote wanastahili. Lakini holi la kambi halitajwi hata kwa bahati mbaya. Na Kiswahili chetu kinasemwa ni cha vizuizi vya barabarani na panda gari, ile misako ya askari kupakia watu malorini. Mimi nilikisikia kwanza kikichekesha watu.

Swali la pili ni dogo lakini linanisumbua kuliko la kwanza. Ukuta wa nyuma, juu kabisa, kulikuwa na matundu mawili ya mraba, moja kubwa kuliko jingine, na juu ya kila tundu mifereji miwili ya chuma. Sisi tuliambiana kwamba tundu dogo ni la afande anayechungulia nani hacheki. Nani anajua ukweli?

#2 Mwalimu_Mbale

Uzi mzuri, mzee. Nianze na lile la kwanza, la matundu sina ujuzi.

Senema za kuonyeshwa Waafrika hazikuletwa ili tufurahi. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi uliokaa Vugiri, Tanganyika, ukitengeneza filimu za kufundisha kilimo, afya na kodi, kisha gari likazizungusha Afrika Mashariki nzima, Uganda ikiwemo. Vita vilipoanza 1939, London ikaunda kitengo chake cha filimu za makoloni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutueleza kwa nini tupigane na Mjerumani ambaye hatukuwa na ugomvi naye.

Jeshi lenyewe likaingia. Kamandi ya Afrika Mashariki iliunda kikosi cha propaganda cha kutembea na malori, kikiongozwa na afisa aitwaye Alec Dickson, yule yule aliyekuja kuanzisha shirika la VSO la kupeleka vijana wa Kiingereza kujitolea nje mwaka 1958. Askari wa makabila mbalimbali waliingia kijijini, wakafanya mazoezi ya viungo, wakaonyesha silaha, wakaigiza vichekesho, na usiku ikapigwa senema. Lugha kuu ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo mpangilio wa Jumamosi yenu, mchezo kwanza, filimu baadaye, na mtu wa kueleza pembeni, haukubuniwa na koplo wenu. Ulishakuwa desturi ya jeshi kabla hajavaa buti.

Naomba tu tusiupambe sana. Askari aliyecheka Jumamosi hakuulizia mshahara Jumatatu, na wakubwa walilijua hilo.

#3 BintiBombo

Mwalimu, waliulizia. Muulize Felix Onama. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi tarehe 20 pale kambi ya Colito, na tarehe 23 ikawa zamu ya kambi yetu ya Jinja. Onama, waziri aliyekwenda kuzungumza nao, alizuiliwa humo kambini mpaka akakubali kuongeza mshahara. Senema walikuwa wanaiona na bado waliasi.

Kaka Mtoto wa Kota, asante kwa kumbukumbu. Mimi ni Mnubi, nyumbani kwetu wanaume walikuwa jeshini tangu Lugard, yule kapteni Mwingereza, alipowachukua askari wa Kisudani wa Emin Pasha mwaka 1891. Kwa hiyo nikuambie jambo ambalo mwanamume wa kota hawezi kuliona: holi lilikuwa la askari. Mama zetu walisimama mlangoni. Maonyesho yao yalikuwa nje, doluka, ngoma yetu ya harusi, mstari wa wanawake kwa manukato na magauni ya gomesi, na hapo afisa ndiye aliyesimama nje ya duara akiangalia.

Wengine mnasahau beni pia. Ngoma ile ya Lamu na Mombasa, watu wakijipa vyeo vya kingi na jenerali, wakavaa kama Wazungu, wakaandamana na tarumbeta. Vita vya kwanza vilipokwisha askari na wapagazi waliisambaza pwani na bara. Hayo si maigizo? Mtu anavaa cheo asichopewa na kutembea nacho mbele ya mwenye cheo.

Na babu yangu alikuwa Burma 1944 na batalioni ya nne ya KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni), ile ya Uganda, ndani ya divisheni ya 11. Hadithi zake hazikuwa za Mjapani. Zilikuwa za matope ya bonde la Kabaw na za bendi. Jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani chenye wanamuziki wa Kenya na Uganda, magitaa, mandolini na kodiani, kikaenda mpaka India na Burma kupigia askari. Baada ya vita wale vijana hawakutaka kuachana, wakakaa Mombasa wakijiita Rhino. Babu alisema jukwaa lao huko lilikuwa lori lililoshushwa ubavu.

#4 KijanaWaKibanda

Ngojeni kwanza. Koplo anasimama pembeni ya filimu ya Kihindi, anatafsiri, anaongeza chumvi, anawapa waigizaji majina ya watu wa mtaani. Huyo si VJ huyo, mtafsiri wa filimu wa vibandani?? Mimi nimelelewa kwenye vibanda vya video Kawempe, VJ akituwekea Kiganda juu ya filimu ya Kichina. Kumbe VJ wa kwanza alikuwa na magwanda!

#5 Mwalimu_Mbale

Taratibu, kijana. Kufanana si kuzaana. VJ alikuja na kaseti za video, miaka ya 80 kuelekea 90, na alikuja kwa sababu ya biashara, kibanda chenye mtafsiri kilijaza kuliko kisicho naye. Ninachokubali ni kwamba mtu wa kueleza filimu alikuwepo katika magari ya senema ya mkoloni, maikrofoni mkononi. Kwamba koplo alimzaa VJ, hilo lete ushahidi.

#6 KijanaWaKibanda

Ushahidi ni kicheko, mwalimu 😂

#7 FundiWaMashine

Mimi niliendesha mashine za senema Kampala kabla kumbi hazijageuka makanisa (Norman imekuwa kanisa tangu zamani, vijana wanaosali humo hawajui kuwa mashine zilikuwa juu ya vichwa vyao). Matundu yako nayajua.

Tundu kubwa ni la mwanga. Tundu dogo ni la macho ya fundi. Fundi lazima aone picha ukutani, imekaa sawa au imefifia, na hawezi kuangalia kupitia tundu la mwanga kwa sababu mashine imelikalia. Kwa hiyo hakuwa afande anayechungulia. Alikuwa mtu kama mimi, jasho linamtiririka, anaomba mkanda usikatike.

Lakini mzee, kilichonishtua ni ile mifereji ya chuma. Hiyo ni njia ya shata. Bamba la chuma lilining'inia juu ya tundu kwa kamba, na moto ukitokea chumbani kamba inakatwa au inaungua yenyewe, bamba linashuka, moto unabaki kwa fundi badala ya kwenda kwa watazamaji. Ndiyo, kwa fundi. Kazi yetu hiyo.

Sasa moto wa nini? Mikanda ya zamani ya milimita 35 ilitengenezwa kwa naitreti, na naitreti ikishika moto huwezi kuizima hata kwa maji, inajipa hewa yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 50 Kodak waliacha kuitengeneza, wakabaki na ile isiyolipuka. Mikanda ya milimita 16 iliyotumika mashambani, shuleni na kwenye magari haikuwahi kuwa ya naitreti. Hiyo unaweza kuionyesha sebuleni, haihitaji chumba cha chuma.

Kwa hiyo mtu hajengi shata kwa ajili ya mashine ndogo ya milimita 16. Holi lenu lilichorwa na mtu aliyekuwa anaogopa naitreti. Mimi ningesema mwanzoni mwa miaka ya 50 au kabla yake.

#8 Mwalimu_Mbale

Hii ndiyo inaitwa elimu. Ila sheria za majengo huishi kuliko hatari zenyewe. Mchoraji wa 1958 anaweza kunakili ramani ya 1940 bila kuuliza.

#9 FundiWaMashine

Kweli. Ndiyo maana nimesema "ningesema". Mtoto wa Kota, swali moja: katikati ya filimu taa ziliwashwa?

#10 Mtoto_wa_Kota

Ziliwashwa! Mara moja, filimu ndefu mara mbili au tatu. Hapo ndipo tulinunua karanga, na koplo akanywa maji.

#11 FundiWaMashine

Basi enzi zenu mlikuwa na mashine moja tu, na ni ya milimita 16. Rili yake kubwa ya kawaida inakwenda kama dakika 44, inakwisha, fundi anawasha taa abadilishe. Rili ya milimita 35 inaisha kwa dakika ishirini na kitu, na kumbi kubwa zilikuwa na mashine mbili ili picha isikatike. Holi lilijengwa kwa mashine kubwa, kisha likaishia na ndogo. Mashine kubwa ilikwenda wapi, hilo waulize wenye kambi.

#12 Askari_Balad

Naomba kuchangia kidogo kutoka mbali. Mimi ni mmoja wa wale maelfu ya Waganda waliokwenda Iraq kulinda kambi za Wamarekani. Kampuni siitaji, mshahara nao uliendelea kushuka kila mkataba mpya, tuyaache.

Nilikuwa Balad, kaskazini mwa Baghdad. Ndani ya kambi kulikuwa na ukumbi wa senema, senema kweli, viti vya kukunja, mteremko. Ulijengwa kabla ya vita kwa ajili ya wanajeshi wa Iraq, Wamarekani wakaukuta, wakaweka filimu zao. Siku ya kwanza kuingia taa zikazimwa, nikajilaza kwenye kiti, ghafla watu wote wamesimama wima. Wimbo wa taifa! Kabla ya filimu, kila mara, kwenye senema za kambi zao wanapiga wimbo wa taifa na kila mtu anasimama. Mimi na popkoni yangu nikasimama kwa heshima ya nchi isiyo yangu ndani ya jengo la nchi nyingine.

Sajini mmoja mzee alinieleza kuwa kwao jambo hili ni la zamani. Walipoingia vita vya kwanza mwaka 1917 walijenga kumbi ndani ya kambi za mafunzo, wakaziita Liberty, na raia wakanunua vitabu vya kuponi kuwapelekea vijana wao ili waingie bure. Mwaka 1918, kambi ya Upton karibu na New York, mtunzi Irving Berlin akiwa kuruta aliandaa onyesho zima la askari, wanaume wenzake wakivaa kama wanawake. Kwa hiyo mzee, yule mwenye ndevu aliyevaa gauni alikuwa na ndugu wengi.

Waingereza nao 1939 waliunda ENSA, chini ya Basil Dean, kupeleka wasanii kwenye kambi. Herufi hizo askari wao walizigeuza utani kwamba kila usiku lazima kitu kibovu. Askari ni askari.

#13 Mdogo_wa_Mkombozi

Shikamooni wazee. Mimi ni wa upande wa pili wa mpaka, Bukoba. Kaka yangu mkubwa aliingia Uganda 1979 na jeshi letu la Tanzania kumwondoa Amin, wale mliowaita bakombozi. Alisimulia kwamba katika kambi moja walilala holini, na usiku askari mmoja akapanda jukwaani akaanza kumwigiza kamanda wao, jinsi anavyotembea na anavyokohoa. Watu wamepigana kutoka Kagera, wamechoka, wanacheka mpaka machozi. Kamanda mwenyewe alikuwa mlangoni gizani. Alipiga makofi, akasema kesho huyu mchekeshaji achimbe choo.

Na kwetu jeshi lina muziki, msisahau Mwenge Jazz.

#14 Nakasero_Juu

Nimesoma yote na sikutaka kuandika, lakini nitaandika.

Mnacheka sana humu. Miaka hiyo hiyo ya koplo wako na fimbo yake, Byron Kawadwa, mwandishi na mwelekezi wa National Theatre, alipeleka tamthilia yake Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha la sanaa za watu weusi, 1977. Alirudi. Watu wa usalama wakamchukua palepale National Theatre na akauawa. Robert Serumaga alikimbia nchi. Kambini mlikuwa mnaonyeshwa mpishi anayeiba posho. Mjini mtu aliuawa kwa kutunga. Mimi Kiswahili nilikisikia kwanza mlangoni kwetu usiku, wakimtaka baba. Sikukisikia kikichekesha.

#15 Mtoto_wa_Kota

Ndugu yangu wa Nakasero, sitajibishana nawe. Ulichosema ni kweli na nilipaswa kukisema mwenyewe.

Nitaongeza ninachokumbuka. Mtawala yule, Idi Amin, alikuwa ametoka kambini, aliingia KAR 1946 akiwa msaidizi wa mpishi, akawa bingwa wa ngumi wa nchi, na kambi ndiyo iliyomfundisha kusimama mbele ya watu. Mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ukiitazama ile filimu ya Barbet Schroeder ya 1974 utaona anaongoza wanajeshi wake kuteka milima ya Golan, kwenye kilima cha Uganda, na kifaru na helikopta. Sisi watoto wa kota tungeutambua mchezo huo mara moja. Ni ule wa Jumamosi, isipokuwa jukwaa limekuwa nchi nzima na hakuna wa kuwasha taa.

Vikosi vilikuwa na bendi, kama ile ya kikosi cha Suicide cha Masaka na jazz yake, na watu walicheza kweli. Lakini kuelekea 1977 na 78 michezo holini ilipungua. Mpishi mwizi aliondolewa. Kuruta mshamba alibaki, kisha naye akaondoka. Nilikuwa mtoto, nikadhani wamechoka. Koplo aliendelea na filimu tu, na siku moja alikuja mwingine mahali pake, ambaye alitafsiri neno kwa neno na hakuongeza kitu. Tulimuuliza baba koplo wetu yuko wapi. Baba alisema tule.

Aprili 1979 tuliondoka usiku na godoro moja.

#16 BintiBombo

Pole kaka. Na wewe wa Nakasero, pole sana. Nyumbani kwetu 1979 tulichomewa, kwa sababu tu ya kuitwa Wanubi, watu wa Amin. Kila mtu hapa ana mlango wake uliogongwa.

#17 KijanaWaKibanda

Mzee, yule koplo jina lake unalikumbuka?

#18 Mtoto_wa_Kota

Nalikumbuka. Silitaji kwa sababu ana watoto, na sijui wanajua nini.

Mwaka juzi nilirudi. Nilimwomba afisa wa lango, kijana mpole, Kiswahili chake safi cha shule (siku hizi ni lugha rasmi ya pili kikatiba, tangu 2005), akanipa askari wa kunisindikiza na akanionya nisipige picha. Holi lipo. Siku za kazi ni stoo ya magunia, Jumapili wanasali. Ukuta wa jukwaani umepakwa rangi ya samawati na kuna maua ya plastiki. Matundu mawili yameshindiliwa matofali, ila mifereji ya chuma ipo, na fundi, kwenye tundu kubwa shata bado imekwama juu, imeshikwa na kutu. Sikujua ni shata mpaka nilipokusoma juzi.

Nilimuuliza askari aliyenisindikiza kama anajua palikuwa na nini. Akasema wazee wanasema palikuwa pa kuhojia watu, na lile tundu dogo lilikuwa la afande wa kuchungulia.

#19 FundiWaMashine

Ukirudi tena mwambie ni langu.

#20 Mwalimu_Mbale

Na upime mfereji. Upana wa lile bamba utatuambia mengi kuhusu mashine iliyokuwepo.

#21 Mtoto_wa_Kota

Nitakwenda na futi ya fundi cherehani. Hiyo hawatainyang'anya langoni.